Ubongo Mdogo wa Chupa ya Kumi na Tisa

Saa mbili asubuhi daktari wa utafiti alifungua kabati la maabara akakuta chupa ya kumi na tisa imechezewa. Ubongo ulikuwemo, lakini ule mdogo wa nyuma, unaokaa kisogoni, ulikuwa umekatwa na kuchukuliwa.

Inspekta alifika peke yake, kama alivyozoea kwenda kila mahali tangu afiwe na mumewe. Mkato ulikuwa safi. Tena mwizi alikuwa ameongeza dawa ya kuhifadhia, ili kilichobaki kisikauke. Mwizi gani huyu mwenye huruma? Inspekta hakupenda kabisa.

Mlinzi alibanwa kwanza, akaachiwa. Hakuwa na ufunguo wa kabati. Funguo zilikuwa mbili tu, mmoja wa daktari na mmoja wa Profesa, mkuu wa maabara.

Profesa, mzee wa shati lisilopigwa pasi, alimtupia daktari lawama zote. Yeye amefundisha maisha yake yote kwamba ubongo mdogo ni wa kutembea bila kuyumba, basi. Binti huyu anadai unapanga hata maneno na hisia. Sasa ameharibu ubongo wa mama wa watu, mwalimu aliyeheshimika.

Daktari alilia. Leo ndiyo angeuchunguza ubongo huo. Ajiibie kazi yake mwenyewe? Hata hakujua ni wa nani. Chupa zina namba tu, majina ni siri.

Inspekta alirudi kwa Profesa, akafunga mlango taratibu.

“Mzee wangu, umejuaje ni mwanamke, tena mwalimu?”

Profesa alijikunyata kitini. “Ni mke wangu. Mwili wake ulipoletwa hapa, niliupokea mwenyewe.”

Akasimulia. Miaka ya mwisho mkewe alikuwa akitafuta maneno, akijibu kwa ubaridi, akicheka penye msiba. Profesa akaamini mkewe amemchoka. Akamrudisha kwa kaka zake, na mkewe akafia huko.

“Ukaogopa daktari ataona ugonjwa?”

“Nilitaka nione mimi kwanza.”

Akafungua jokofu dogo lililokuwa nyuma yake. Ndani ya bakuli, ubongo mdogo ulikuwa umepasuliwa katikati, na upande mmoja umesinyaa hata asiyesoma udaktari angeona. Inspekta alimwonea huruma, naye hakupenda kuonea watu huruma kazini. Alimwambia avae koti, wanakwenda kituoni.

Profesa hakuinuka.

“Alinipigia simu toka kwa kaka zake kuuliza atarudi lini nyumbani,” alisema. “Aliuliza huku anacheka. Nikadhani ananidhihaki, nikazima simu.”