Tarehe Kwenye Picha ya Miradie

Jumamosi moja ya Septemba 2004, soko la Walthamstow, London, lilikuwa limefurika watu, na Miradie alikuwa amesimama nusu saa nzima mbele ya kabati la kioo dukani kwa Suresh. Koti lake jekundu lilikuwa limefungwa vifungo vyote. Alikuwa mzaliwa wa Uvira, Kongo, mhudumu wa wazee huko Barking, na alitaka kamera ya dijitali ya bei nafuu ili amtumie mama yake picha.

"Chukua hii ya pikseli milioni tano, dada," alisema Suresh kwa Kiswahili cha Kisumu alikozaliwa.

"Milioni tano za nini?" aliuliza mwanamume nyuma yao. "Atachapisha picha kubwa kama mlango?"

Miradie aligeuka. Alimwona kijana mrefu, shati la bluu lililopigwa pasi vizuri, ananukia sabuni.

"Mimi naitwa Gires, wa Bukavu. Ile ndogo ya milioni tatu inakutosha, dada. Inatumia betri za kawaida, hata kwenye duka la jirani utazipata. Na zoom ya dijitali usiihesabu, inakuza ukungu tu. Uliza zoom ya lenzi."

Miradie alimtazama, kisha akamtazama Suresh. "Nyinyi wawili mnagawana kiasi gani?"

"Ananiharibia biashara huyu," alisema Suresh. "Nigawane naye nini?"

Miradie alinunua ile ndogo. Huko nje Gires aliomba namba ya simu, naye akamtajia yote isipokuwa tarakimu ya mwisho.

"Nina pasipoti ya hapa," alimwambia. "Wanaume watatu wamenipenda London hii, na wote waliipenda hiyo pasipoti. Wewe unatafuta nini?"

"Leo nilitafuta betri. Nikakuona wewe."

Miradie alijizuia kucheka, akashindwa. "Saba," alisema. "Ya mwisho ni saba."

Wakaanza kupigiana simu kila siku.

"Umekula, chérie wangu?" Gires aliuliza.

"Kwa nini unauliza? Unataka kujua nakula na nani?"

"Nataka kujua kama umekula."

Miradie aliipenda sauti yake, na kwa sababu aliipenda, aliichunguza. Alijua kwamba Gires anaishi kwa binamu yake, na kwamba kila wiki mbili, siku ya Alhamisi, ana darasa la kompyuta Stratford. Hivyo ndivyo alivyoambiwa.

Katikati ya Oktoba Gires aliazima kamera kwa ajili ya ubatizo wa mtoto wa binamu. Alipoirudisha, Miradie alizipitia picha moja moja kwenye kioo kidogo cha kamera. Kabla ya zile za ubatizo kulikuwa na picha ya mwanamke mwenye kitambaa cha njano kichwani, anacheka kituoni kando ya tramu. Pembeni kulikuwa na tarehe: kumi na nne Oktoba. Ilikuwa Alhamisi.

Akampigia hapo hapo.

"Alhamisi ulikuwa wapi?"

"Darasani."

"Darasa lenu lina tramu?"

Miradie hakumpa nafasi ya kujibu.

"Huyo mwanamke ni nani?"

"Simfahamu sana. Miradie, nitakueleza."

"Anacheka hivyo na mtu asiyemfahamu?" Akakata simu.

Kwa siku kumi hakupokea simu zake. Alhamisi ya darasa iliyofuata alibadilishana zamu na mwenzake, akapanda treni hadi Croydon, mahali pekee London penye tramu, akasimama karibu na kituo cha tramu kilekile cha kwenye picha. Gires alishuka peke yake. Miradie alimfuata kwa mbali hadi kwenye jengo refu la ofisi ya uhamiaji, akamwona anaingia mwisho wa foleni, bahasha ameikumbatia kifuani.

Akamgusa bega.

"Hili ndilo darasa," Gires alisema bila kumtazama usoni. "Kila wiki mbili naripoti. Nasubiri karatasi za kukaa."

"Na mwanamke?"

"Marie-Claire. Alitoka humu siku ile, amepewa karatasi zake. Aliniomba nimpige picha awatumie watoto wake Goma. Namba yake hii hapa."

Mwingine angeona haya. Miradie aliipiga palepale.

"Ndugu wa kamera," sauti ya mwanamke ilijibu kwa furaha alipotajiwa Gires, "picha yangu iko tayari?"

Miradie alimwahidi kuituma, akafunga simu. "Kwa nini ulinificha?"

"Siku ya kwanza uliniambia habari ya pasipoti. Ningesema nasubiri karatasi, ungenihesabu wa nne."

Foleni ilisogea, nao wakasogea pamoja.

"Basi nioe," Miradie alisema kwa sauti ndogo.

"Hapana."

"Hapana?"

"Leo hapana. Nikikubali leo, miaka yote utajiuliza kama nilikukubali wewe au pasipoti yako. Nami nitajua kwamba unajiuliza."

Ilimuuma. Hata hivyo, tangu amfahamu, hilo lilikuwa jibu la kwanza ambalo hakulitilia shaka. Alibaki naye kwenye foleni, na kila Alhamisi ya kuripoti alikwenda naye.

Barua ya uhamiaji ilitoka Aprili. Gires aliipeleka Barking wakati wa chakula cha mchana, akamkuta Miradie mlangoni na sare yake ya kazi.

"Wameniruhusu kukaa," alisema. "Sasa naweza kuuliza."

"Nipe barua kwanza."

Miradie aliisoma ukurasa wa kwanza, akaisoma wa pili hadi chini kwenye sahihi, akaikunja na kumrudishia.

"Haya," alisema. "Uliza."