Mama Sindano Akataa Kufuta

Cherehani ya Mama Sindano ilianza kulia mapema kila siku. Alishonea kwenye chumba cha mbele, dirisha likitazama barabara. Vitambaa vilijaa mezani, na simu ilikaa juu ya kopo la vifungo. Wateja walimtumia vipimo na picha za mitindo kwa barua pepe. Kushona alijua. Kubisha alijua zaidi.

Asubuhi moja bibi harusi mtarajiwa aliingia bila hodi, uso umemkunjamana.

"Mama, vipimo vyangu umempa nani?"

"Nimekutumia wewe, uvihakiki."

"Mimi sijapata kitu! Kuna mwanamke simjui amenipigia simu. Namba yangu kaikuta humo humo. Anajua hadi kiuno changu! Na nikikuandikia, barua inarudi. Eti sanduku lako limejaa. Nipe kitambaa changu."

Mama Sindano alichukua simu, akatazama. Alikuwa na tabia yake. Wateja hakuwahifadhi kwa majina, aliwahifadhi kwa nguo alizowashonea. Kulikuwa na Sketi ya Maua, Koti la Mikono Mirefu, Suruali Fupi. Na Gauni Jeupe walikuwa watatu. Alikuwa ametuma kwa Gauni Jeupe wa zamani.

Aliona aibu hadi masikio yakamwaka. "Nimekosa, mwanangu. Nipe hadi kesho. Nikishindwa, chukua kitambaa chako."

"Hadi kesho tu," bibi harusi alisema, akatoka.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa kwenye benchi akisubiri suruali. Alisikia yote.

"Shemeji, mambo haya yamekuzidi," alisema. "Nipe neno lako la siri. Nafuta vyote, tuanze upya. Halafu barua zako nitazisimamia mimi."

"Vyote? Hata barua za ndugu yako?"

Mumewe alikuwa dereva wa lori. Kila alikofika, alimwandikia. Barua zile ndizo pekee alizobaki nazo kutoka kwake.

"Ni barua za zamani tu, shemeji."

"Thubutu! Hufuti hata nukta. Kosa nimefanya mimi, nitalirekebisha mimi. Nimefiwa na mume, sikufiwa na akili."

Alijifunga kanga kiunoni, akavuka barabara hadi kwa jirani yake, mkutubi wa maktaba.

"Dada, nifundishe. Ila simu usinishikie. Wewe nionyeshe, mimi nibonyeze."

Mkutubi alicheka. "Haya, bonyeza. Kwanza tunatenga visivyofutwa. Tengeneza folda, uipe jina."

Aliiita Baba Watoto. Alitafuta anwani ya mumewe, akazichagua barua zake zote, akazihamishia humo.

"Pakua na nakala, uiweke kwenye kifaa kingine," mkutubi alisema. "Hata akaunti ikifungwa, utakuwa nazo. Sasa tafuta zinazokula nafasi. Picha na video ndizo nzito."

Zilikuwa picha za mitindo ya nguo ambazo zilishavaliwa, zikachakaa. Alizifuta bila huruma. Kisha yakaja matangazo: viatu, sufuria, dawa ya kuotesha nywele.

"Hawa nani aliwaita?"

"Pengine uliwaachia anwani siku moja. Duka unalolijua, bonyeza pale chini palipoandikwa jiondoe. Usilolijua, usibonyeze kitu ndani ya barua yake. Itie alama ya barua taka."

Mama Sindano alifuta, akafuta, kisha akatazama. "Mbona bado limejaa? Simu hii inanicheza shere!"

"Umefuta, hujamwaga. Zote zimekaa kwenye taka. Zikague kwanza. Ukimwaga, hazirudi."

Alikagua moja moja, za mumewe hazimo. Akamwaga. Nafasi ikapatikana.

"Sasa wateja wako," mkutubi alisema. "Andika jina kamili, nguo ifuate nyuma. Anwani zisizotumika, ondoa. Na kabla ya kutuma, soma anwani yenyewe. Usiridhike na jina. Simu hupenda kupendekeza watu wa zamani."

Kabla ya kuondoka, Mama Sindano alimwandikia yule mwanamke aliyepata vipimo, akamwomba avifute. Mwanamke alijibu kwamba amekwisha kuvifuta.

Kesho yake bibi harusi alirudi, mfuko wa kubebea kitambaa mkononi. Mama Sindano alimwonyesha jibu la yule mwanamke.

"Sasa niandikie," alimwambia. "Hapa hapa, nikiona."

Bibi harusi aliandika. Simu ililia juu ya kopo la vifungo. Jina lake kamili likatokea, na ujumbe mfupi: "Shona, mama."

Akaukunja mfuko wake mtupu, akautia mkobani.

Shemeji alikuja kuchukua suruali. Alijikuna kichwa. "Basi lile neno la siri uniachie, usije ukalisahau."

"Nikisahau, nitatengeneza jingine. Suruali yako hiyo, shemeji. Safari hii nimeirefusha."

Alipobaki peke yake, alifungua folda ya Baba Watoto. Barua ya kwanza ilikuwa fupi: "Nimefika salama. Umekula?"

"Nimekula," alijibu kwa sauti. Kisha akalivuta gauni jeupe, akakanyaga cherehani.