Uwanja Uliokua

Haya niliyaona mwenyewe, kwa macho haya mawili. Sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo, tena nimesimama mbele kabisa.

Kulikuwa na mtoto anaitwa Atupele. Alikuwa na miaka sita. Aliishi Tukuyu, mji wa mvua na migomba, mtaa mmoja na mimi.

Atupele alikuwa na dada mkubwa, jina lake Sekela. Sekela alicheza mpira wa kikapu. Timu yao iliitwa Mawingu.

Kila jioni Mawingu walifanya mazoezi kwenye uwanja wa mtaa. Uwanja wa udongo. Nguzo mbili za chuma. Juu, ringi mbili zenye nyavu.

Atupele alikaa kwenye benchi la pembeni. Alishika chupa ya maji ya dada yake. Akatazama.

Du, du, du. Ruka. Chwaa.
Mpira umeingia.

Hapo nyumbani, mpira uliingia kila siku. Hata mimi nilirusha mara moja, nimevaa mabuti ya mvua. Ukaingia.

Lakini mechi za ligi zote zilichezwa Mbeya mjini, kwenye uwanja wa saruji. Na huko mambo yalikuwa mengine.

Du, du, du. Ruka. Ngang.
Mpira umekataa.

Msimu uliopita Mawingu walicheza mechi kumi. Wakafungwa zote kumi. Watoto wa mjini wakawapa jina. Wakawaita Wagonga Chuma.

Msimu mpya ukakaribia. Zikabaki wiki tatu.

Kocha Gwamaka akawakalisha wachezaji chini. Siku hiyo hakufoka. Alisema polepole.

"Wenye ligi wameleta barua. Tukifungwa mechi zote tena, tunatolewa. Na tukitolewa, haturudi."

Hata mvua ilinyamaza. Nilikuwepo, nakwambia.

Sekela alirudi nyumbani. Akavua raba zake. Akazisukuma chini ya kitanda, mpaka kwenye kona.

"Dada, mbona umeziweka mbali hivyo?" akauliza Atupele.

"Nazizoesha," akasema Sekela. "Karibu zitakaa huko siku zote."

Siku hiyo Atupele aliacha ndizi mbili kwenye sahani. Na Atupele hakuwa mtu wa kuacha ndizi.

Sasa sikiliza. Mtaani kwetu tuna desturi. Kila mwaka, kabla ya msimu, tunautibu uwanja. Mvua ya Tukuyu inautoboa. Sisi tunauziba.

Kila nyumba inaleta kifusi. Tunamwaga. Tunasawazisha. Tunashindilia.

Pu, pu, pu.
Uwanja wetu, lala sawa.

Tumefanya hivyo miaka saba. Na makarai mengi kuliko ya mtu yeyote, nilibeba mimi. Uliza mtaa mzima.

Mwaka huo pia tulimwaga. Tukasawazisha. Tukashindilia.

Pu, pu, pu.
Uwanja wetu, lala sawa.

Kesho yake Atupele akaja kukaa kwenye benchi lake. Akakaa. Halafu akatazama chini.

Siku zote miguu yake ilikuwa inaning'inia. Leo vidole viligusa udongo.

"Kocha," akasema, "nimekua."

"Hongera, binti," akasema kocha. "Usitupite tu."

Atupele akakimbia nyumbani kwa mama. Kwenye mwimo wa mlango kulikuwa na mstari wa mkaa. Mama aliuchora mwezi uliopita, sawasawa na kichwa chake.

Atupele akasimama wima. Mama akaweka kiganja juu ya nywele zake.

"Bado, mwanangu. Uko palepale."

"Lakini miguu imefika chini."

"Miguu na iseme. Mkaa unasema bado."

Atupele akakaa kizingitini. Akafikiri. Akakuna goti. Akafikiri tena.

Kama sikukua mimi, nani amekua?

Benchi halikui. Miguu yake imejengewa kwa saruji. Nguzo nayo haikui. Chuma hakinyonyi, hakili.

Akainuka. Akarudi uwanjani, polepole, akitazama chini njia nzima.

"Kocha," akasema, "mimi sijakua. Uwanja ndio umekua."

Wachezaji wakacheka. Tusekile, yule mrefu kuliko wote, akainama mpaka usawa wake.

"Uwanja unakula nini, Atupele, mpaka ukue?"

"Kifusi," akasema Atupele. "Kila mwaka tunaulisha."

Hakuna aliyecheka tena.

Kocha Gwamaka akatazama chini. Akatazama juu, kwenye ringi. Akaomba ngazi. Akaomba tepu ya fundi.

Sekela akapanda ngazi na ncha moja ya tepu. Kocha akashika ncha nyingine chini.

"Ringi inatakiwa iwe futi kumi kutoka chini," akasema kocha. Akasoma tepu. Akaisoma mara ya pili. "Hii ni futi tisa."

Sekela alikuwa bado juu ya ngazi. Akasema taratibu, "Kumbe tumejifunza kurusha chini. Miaka yote hii."

Watu wote wakanigeukia mimi.

"Baba Lusajo," akasema mama yake Atupele, aliyekuwa amemfuata mwanawe uwanjani, "si wewe wa makarai mengi?"

Nikatazama migomba. Ilikuwa imestawi sana mwaka huo.

Kesho yake asubuhi tulianza kuchimba. Kila nyumba ilileta kifusi, basi kila nyumba ilikuja kukitoa. Majembe. Sepetu. Makarai kichwani.

Chaka, chaka, chaka.
Uwanja wetu, shuka chini.

Tulichimba siku nne. Tulikuta kifungo cha shati. Tulikuta kijiko. Tulikuta filimbi ya kocha, iliyopotea miaka mitatu nyuma. Aliipuliza. Ikatoa udongo.

Chaka, chaka, chaka.
Uwanja wetu, shuka chini.

Kocha akapima tena. Futi kumi.

Mawingu wakashika mpira. Sekela akawa wa kwanza.

Du, du, du. Ruka. Ngang.
Mpira umekataa.

Tusekile akarusha. Ngang. Wote wakarusha, mmoja mmoja. Ngang. Ngang. Ngang.

Sekela akaukumbatia mpira.

"Zamani tulikosa kule tu," akasema. "Sasa tunakosa hata nyumbani."

Atupele akamletea maji.

"Kosa hapahapa, dada," akasema. "Hapa hakuna anayehesabu."

Sekela akanywa maji. Akafuta mdomo. Akarudi kwenye mstari.

Siku ya kwanza hakuingiza hata mmoja. Siku ya pili, mmoja. Siku ya tatu mvua ilinyesha sana, wakarusha kwenye mvua. Ikaingia mitatu.

Wiki ikapita. Nyingine ikapita. Mikono iliuma. Mabega yaliuma. Na jioni moja, bila mtu kusema kitu, tukasikia sauti ile.

Du, du, du. Ruka. Chwaa.
Mpira umeingia.

Halafu tena. Chwaa. Halafu tena. Kocha akageuka upande wa pili. Alisema kuna mdudu kamwingia jichoni.

Jumamosi ikafika. Mechi ya kwanza ya msimu.

Tukapanda lori la viazi, sisi wote, mpaka Mbeya mjini. Atupele alikaa katikati ya mama na mimi.

Uwanjani watoto wa mjini walikuwa wamejaa ukutani.

"Wagonga Chuma hao," akasema mmoja.

"Ringi, pole," akasema mwingine. "Leo utapigwa tena."

Sekela aliwasikia. Akafunga kamba za viatu. Akaingia.

Mchezo ukaanza. Sekela akapata mpira. Mkono wa Atupele ukashika mkono wangu, ukakaza.

Du, du, du. Ruka.

Chwaa.
Mpira umeingia.

Kule ukutani pakawa kimya.

Usidhani ilikuwa rahisi. Wenzao walikuwa wazuri. Wakaongoza wao. Wakaongoza Mawingu. Wakaongoza wao tena.

Zikabaki sekunde kumi. Mawingu ishirini na tisa. Wenzao thelathini.

Tusekile akaunyakua mpira. Akampa Sekela. Watu wawili wakamzuia Sekela. Mikono juu, kama ukuta.

Du. Du. Du.
Ruka.

Mpira ukapanda. Ukapanda zaidi. Ukapita juu ya mikono yote. Ukazunguka kwenye chuma, mara moja, mara mbili.

Chwaa.
Mpira umeingia.

Thelathini na moja kwa thelathini. Filimbi ikalia. Mchezo ukaisha.

Sekela hakuruka wala hakupiga kelele. Alikaa chini palepale, akajifunika uso kwa jezi. Atupele akaenda akakaa karibu naye.

"Dada, unalia?"

"Ni jasho."

"Sawa," akasema Atupele. Wakakaa hivyo mpaka jasho likaisha.

Jioni wakala. Wakaoga. Wakapanda kitandani, dada upande wa ukuta, Atupele upande wa nje. Mvua ilikuwa inaanza juu ya bati. Ti, ti, ti.

"Dada," akanong'ona Atupele. "Zimebaki mechi ngapi?"

"Tisa."

"Tutafungwa?"

"Nyingine tutafungwa," akasema Sekela.

"Lakini hatutolewi."

"Hatutolewi. Tupo."

Atupele akavuta blanketi mpaka kidevuni. Akafumba macho. Akaota migomba yote ya Tukuyu imevaa jezi, inarushiana mwezi, taratibu, bila kuuangusha.

Basi, hayo yote niliyaona mwenyewe, kama nilivyosema. Isipokuwa hiyo ndoto. Ndoto ya mtu haionekani, hata ukisimama mbele kabisa. Hiyo nimeitunga mimi. Niliona mtoto yule asilale hivihivi, bila ndoto.