Kibaraza cha Bawabu

Mfinyanzi alikuwa anamalizia figo. Ndivyo walivyoiita mashine ile ya hospitali, yenye mikono sita myembamba iliyotandaza chembe hai tabaka juu ya tabaka, mpaka kiungo kikatokea kizima na joto lake. Tanga nzima iliringa nayo.

Siku hiyo Injinia Rukia Singano, mlinzi wa mitambo, hakuwa na hamu ya kuitazama. Wodini alilala Zubeda, mtoto mchanga aliyezaliwa na koromeo bovu, akipumulia bomba. Akilia, machozi yalimtoka bila sauti. Mchoro wa koromeo lake jipya ulikuwa umekamilishwa na mabingwa wa Mwanza, ila haukuwa na pa kupitia. Bawabu, akili ya mashine iliyolinda ukuta wa moto, kinga ya mtandao wa hospitali, alikataa kila faili la nje tangu wezi walipoiba siri za wagonjwa.

"Mzime Bawabu kidogo tu," Dokta Mhina alimsihi. "Mtoto anatuponyoka, Rukia."

"Nikimzima, daktari, hawataingia watu wa Mwanza tu. Wahuni wakimchezea Mfinyanzi, tutamwekea nini shingoni huyu mtoto?"

Alisema hivyo huku roho inamuuma. Ndipo akakumbuka nyumbani kwa bibi yake, Pangani. Mgeni hakuachwa juani, wala hakupitishwa hadi chumbani. Aliketi kibarazani, akaletewa kahawa, na mwenyeji akatoka kumwona.

Basi Rukia akajenga kibaraza. Nje ya ukuta aliweka seva ndogo, tupu, isiyojua lolote la ndani. Mwanza wangeacha mchoro pale, umefungwa kwa msimbo ambao ufunguo wake uko ndani tu. Bawabu angetoka mwenyewe, akague muhuri wa aliyeutuma, auchukue, arudi na kufunga mlango.

Bawabu alitoka, akarudi mikono mitupu. "Muhuri huu siujui," alisema.

Rukia alijipiga paji la uso. Kwa haraka zake alikuwa amesahau kumtambulisha mgeni! Akampigia simu bingwa wa Mwanza, wakasomeana muhuri herufi kwa herufi, kisha akamfundisha Bawabu. Safari hii mchoro uliingia, na Mfinyanzi akainua mikono yake.

Siku bomba lilipotolewa baada ya upasuaji, Zubeda alikunja uso, akaangua kilio kikali cha hasira kilichofika hadi ukumbini. Muuguzi akakimbilia kumbembeleza.

"Muache, dada," mama yake alisema, machozi yakimchuruzika. "Sijawahi kumsikia. Muache kwanza alie."