Jina la Odera

Jumatatu ile kituo cha dawa cha Tononoka, Mombasa, hakikufunguliwa. Karatasi moja ilikuwa imebandikwa langoni: ufadhili umekatwa, huduma zimesimamishwa, wagonjwa waende hospitali za serikali. Haikuwa na sahihi wala nambari ya simu. Kufikia saa tatu asubuhi watu walikuwa wameshapita mia, wamefurika hadi barabarani, tuktuk zinawapigia honi na jua linawachoma utosini.

Mapenzi Ngowa hakupiga kelele kama wengine. Alijifunga leso kiunoni juu ya gauni lake la kitenge cha manjano, akatoa daftari, akaanza kumwuliza kila mtu swali moja: dawa zako zimebaki za siku ngapi? Mwenyewe alikuwa na virusi vya UKIMWI mwaka wa tisa huo, na alikuwa mshauri katika kikundi cha wenye virusi kilichokutana Mji wa Kale, nyumbani kwa mwenyekiti wao, Bi Ummukulthum.

Alimfikia mwanamume mrefu aliyevaa kizibao kinachong'aa cha watu wa bandarini. Yule bwana alitazama pembeni.

"Mimi nimemjia ndugu yangu tu."

"Na huyo ndugu yako amebakiwa na za siku ngapi?"

"Nane."

"Humeza saa ngapi?"

"Saa tatu, baada ya taarifa ya..." Akajikwaa ulimi.

Mapenzi alimpa nambari yake. "Mwambie ndugu yako anipigie. Hatakosa dawa."

Simu ililia jioni hiyohiyo. "Ndugu anaitwa Odera," sauti ilisema. "Ndiye mimi."

"Nilijua."

"Ulijuaje?"

"Nani hukumbuka saa ya dawa ya ndugu yake, kaka Odera?"

Alicheka, na Mapenzi alikipenda kile kicheko kabla hajampenda mwenyewe.

Kikundi kilipanga zamu. Kila wiki mtu mmoja alikwenda hospitali ya serikali kuwachukulia wenzake kumi, ili asiwepo wa kupoteza siku ya kazi kwenye foleni. Dawa za Odera zilichukuliwa kwa nambari ya kadi tu, bila jina, zikamfikia Bondeni kwa mkono wa Mapenzi. Punde Odera akawa anapiga simu kila siku.

"Dawa zimekwisha?"

"Dawa zipo. Nimekwisha mimi."

Walianza kutembea pamoja katika vichochoro vya Mji wa Kale, wakila viazi karai vya moto na ukwaju hadi vidole vikageuka rangi. Siku moja Odera alikuja amevaa kikoi kipya, na Mapenzi akaishiwa nguvu kwa kucheka.

"Hicho umekifunga kama taulo, laazizi. Watu watadhani umetoka kuoga."

"Nifundishe basi, wewe mtu wa pwani."

Alimfunga upya palepale, mbele ya duka la mshona kofia, na Odera akasimama kimya kama anayepimwa suti ya harusi.

Kisha kampuni ya makontena aliyoifanyia kazi ikawapima wafanyakazi damu. Waliambiwa ni sukari na presha. Baada ya wiki mbili Odera aliitwa ofisini, akapewa barua kwamba afya yake haifai kwa kazi ya winchi. "Tunaielewa hali yako," meneja alimwambia, na hakumpa mkono.

Alimwonyesha Mapenzi barua hiyo, ameikunja mara nne.

"Lakini hii ni kinyume cha sheria!" Mapenzi aliruka. "Hawakupimi bila idhini yako. Hawakufukuzi kwa sababu hiyo. Twende tukawashtaki."

"Sitaki."

"Odera..."

"Nimekwambia wewe, Mapenzi. Wewe peke yako. Hata dada yangu Sheryl hajui. Niache nipumue kwanza."

Alimwahidi kunyamaza.

Wiki moja baadaye kikundi kilikutana. Nasiha, wakili aliyewasaidia bila malipo, alikuwa akiandaa malalamiko kuhusu waajiri wanaopima watu kwa siri. "Watasema haya hayatokei," alisema. "Nipeni hata mtu mmoja." Kati ya watu ishirini na wawili hakuna aliyenyoosha mkono. Ile barua ilikuwa imemchoma Mapenzi siku saba kucha. Akasimama. Alitaja kampuni, akataja winchi, akamtaja Odera.

Mmoja wao aliishi Bondeni. Kufikia Alhamisi mama mwenye nyumba alikuwa amemwambia Odera asitumie tena bomba la wote, na kwamba mwezi ukiisha atafute chumba kwingine.

Simu ikalia.

"Mapenzi, ni nani mwingine aliyejua?"

"Nilikutaja kwenye mkutano. Nilitaka kukusaidia."

"Nilikuomba msaada huo?"

"Hapana."

"Kampuni iliniibia kazi. Wewe je, umeniibia nini?"

Hakungoja jibu. Tangu siku hiyo simu yake haikupatikana, na chumba cha Bondeni kikaingia mtu mwingine. Dawa zake zilifika kwa zamu, zikakaa kabatini kwa Bi Ummukulthum, zikarudishwa.

Bi Ummukulthum hakumpigia Mapenzi kelele. Alivua miwani, akaiweka juu ya buibui lake mapajani. "Mwanangu, unajua nilivyokianza kikundi hiki? Muuguzi aliyatangaza yangu mtaa mzima. Watoto wangu walipigwa mawe. Na leo, chini ya dari yangu, umemfanyia mwenzio yaleyale."

Walimwondoa kwenye ushauri. Mapenzi hakujitetea. Alifagia, akapanga viti, na kila alipopita Bondeni alitazama nyuso za wanaume warefu.

Miezi minne ikapita hivyo, kisha nambari ngeni ikampigia. "Wewe ndiye Mapenzi? Mimi ni Sheryl. Kaka yangu yuko hospitali. Hajakuita, lakini usingizini anakutaja."

Wodi ilinuka dawa ya kusafishia sakafu na jasho la homa. Odera alikuwa amebaki mifupa. Kwa aibu ya kuonekana kwenye foleni aliacha dawa, maradhi yakampanda hadi kwenye utando wa ubongo. Madaktari walikuwa wameyawahi, ila macho hawakuyawahi. Alikuwa ameyafumbua yakitazama dari, na hayakuona chochote.

"Nani?" aliuliza.

"Mapenzi."

"Umekuja kunihurumia?"

"Nimekuja kukwambia nilikosa. Habari ile ilikuwa yako, nami nikaitoa. Sina la kujitetea."

"Nilikuwa na haki ya kunyamaza."

"Ulikuwa nayo."

Odera alilia bila sauti. Mapenzi hakumgusa, kwa kuwa hakuambiwa amguse. Alirudi kesho yake, na keshokutwa, akamnywesha uji na kumtajia kila kidonge kabla hajakiweka kiganjani mwake.

Siku ya tisa Odera alisema, "Nataka kuwashtaki. Si kwa ajili yako. Andika ninayosema, na usiongeze neno."

Mapenzi aliandika kurasa nne. Nasiha alipofika, Odera alimtoa Mapenzi nje, akamtaka wakili amsomee taratibu. Mapenzi alisimama kwenye ujia, mgongo ukutani, mpaka Nasiha akachungulia. "Anasema kila neno ni lake."

Hata hivyo Odera aliondoka. Sheryl alimchukua hadi kwao Siaya, huko bara, na pale kwenye stendi ya mabasi Odera alimshika Mapenzi mkono. "Nimekusamehe. Lakini sijui kama naweza kukunong'oneza tena. Usinipigie."

Hakumpigia.

Shauri lilisikilizwa mwezi wa tatu mbele ya baraza la kesi za wenye virusi, kwenye ukumbi uliojaa wanakikundi. Odera alitoa ushahidi kwa simu, spika imewekwa mezani. Mwenyekiti wa baraza alimweleza kwamba sheria inamruhusu kuficha jina lake.

"Najua," Odera alijibu, sauti ikikwaruza. "Lakini naitwa Odera Griffins Oduor. Nina virusi. Nilikuwa dereva wa winchi, na sasa sioni. Leo nasema mwenyewe, kwa sababu nimeamua mwenyewe."

Wakili wa kampuni aliomba siku zaidi, na uamuzi ukaahirishwa. Watu walitoka wamechoka, hakuna aliyeshangilia. Mapenzi alikuwa ngazini simu ilipolia.

"Nilisikika?"

"Ulisikika mpaka nje," alisema, akifuta machozi.

"Kesi itachukua muda."

"Itachukua."

Upande wa pili wa simu jogoo aliwika, mtu akaburuta kiti.

"Mimi sikuoni tena, Mapenzi. Sina kazi. Usiku kichwa kinauma."

"Nasikia, Odera."

"Basi njoo. Si kuniuguza, Sheryl yupo. Njoo tu."

Jumamosi Mapenzi akapanda basi la Siaya.