Chozi Kwenye Kioo

Kila asubuhi kabla ya shule, mimi na binti yangu Arlyn hukaa mlango wa nyuma tukipaka mayai ya bata udongo wa chumvi, yakolee kabla ya kuuzwa. Zamani tulikuwa watatu. Mdogo wake, Totoy, ndiye aliyehesabu. Akifika kumi na mbili anarudi moja, na Arlyn anamwambia hata bata wanamcheka. Totoy alikufa kwa homa ya dengi mwezi wa Juni. Alikuwa na miaka sita.

Tangu hapo Arlyn alifanya kazi kimya. Majirani walimsifu kuwa ni mtoto jasiri, halii ovyo, nami nikafurahi. Sikuona kwamba wali wake unabaki kwenye sahani. Nilichoona ni simu. Akitoka shule ameiinamia, nikipita anaificha. Nikasema moyoni, huyu keshapata mvulana. Jumamosi moja nikampokonya.

"Mama, usisome," alisema. Nikasoma.

Mvulana alikuwepo, Jomar, wa miaka kumi na moja, na msichana aitwaye Kristel, wote wawili wa mji wa Davao, kule mbali. Walijuana kwenye kundi la kuchora la mtandaoni, ambalo walimu wao walilianzisha kuunganisha shule zao. Arlyn alikuwa amewaandikia hivi: "Chozi langu lilianguka kwenye kioo cha jeneza. Mama alitukataza. Nadhani Totoy hajafika kwa sababu yangu."

Nilikaa chini palepale. Ni kweli, nilimkataza. Kwetu sote tunajua kuwa chozi likidondoka kwenye kioo cha jeneza, pale uso unapoonekana, marehemu hulemewa njiani, asifike aendako. Siku ile nilimwambia afute machozi, asimzuie mdogo wake. Basi mwanangu alifuta, akaendelea kufuta miezi mitatu.

Kristel alimjibu kuwa yeye alipofiwa na bibi yake, si machozi tu, hata kamasi zilidondoka kwenye kioo, na bibi mwenyewe angecheka. Jomar akamwita bata mjinga, eti si yeye mwenyewe aliwaambia Totoy alikuwa anakimbia kuliko wote, chozi moja lingemshika wapi? Kila siku walimwuliza kama amekula. Mwishoni Kristel aliandika: "Sisi tuko mbali, hatuwezi kukukumbatia. Mwambie mama yako."

Na mwanangu akajibu: "Siwezi. Mama mwenyewe hajalia."

Hajalia! Nililia kila siku nyuma ya banda la bata, bomba la maji likiwa wazi ili asinisikie.

Nilimkuta Arlyn kwenye beseni la udongo, mikono imezama ndani, anangoja fimbo. Nikamwambia, "Mwanangu, na langu lilidondoka. Nilipoinama kumbusu. Nililifuta kwa kiganja kabla bibi yako hajaona."

Akanitazama. "Kweli, Mama?"

"Kweli. Totoy alikufa kwa dengi. Chozi lako halikumfanya lolote."

Ndipo alipolia, kilio cha miezi mitatu, nami pamoja naye, vichwa vyetu juu ya beseni. Baadaye akavuta kamasi akasema, "Mama, mayai haya yatazidi chumvi." Nikacheka kwa mara ya kwanza tangu Juni. Jioni ile alimaliza wali wake.

Simu nilimrudishia. Nilizungumza na mwalimu, na mama yake Kristel tukasalimiana kwa simu, maana si kila anayekuita rafiki kwenye simu ni mtoto, na mtoto asimwandikie siri zake mtu ambaye wakubwa wake hawamjui.

Kwenu watoto nasema, rafiki mwema atakusikiliza, kisha atakusukuma urudi kwa watu wako. Ukisukumwa, nenda. Na kwetu kina mama: nilikuwa nakaa hatua moja na mwanangu kila asubuhi, beseni moja kati yetu, na aliyejua kinachomla ni mtoto wa Davao ambaye hajawahi kuuona mlango wetu. Msimsifu mtoto kwa kutolia. Mkae naye, mlie.