Mafuta Kwenye Sanduku la Tarumbeta

Mama Mbula, jirani wa mlango wa pili, alimwambia Ineza kuwa aliona kwa macho yake. Ibada ilikuwa imekwisha, watu wako nje wanakunywa chai, ndipo Irankunda, mwenzake wa bendi, akarudi kanisani peke yake, akafungua sanduku la tarumbeta la Ineza, akatia mkono, akafunga haraka.

“Simsingizii mtoto wa mtu,” alisema huku akianua nguo. “Nakwambia nilichoona tu.”

Ineza alikimbilia chumbani, akafungua sanduku. Kweli, palikuwa na mafuta, yameenea mpaka kwenye kikombe kidogo cha kupulizia. Ndiyo maana, aliwaza, sauti yake ilikuwa nyembamba, yenye mikwaruzo, na noti za juu hazitoki. Jumapili ijayo Mwalimu Bridget wa bendi angechagua mmoja wa kupiga tarumbeta siku ya Pasaka, na waliobaki walikuwa yeye na Irankunda.

Jumatano, kwenye mazoezi ya bendi pale kanisani, mtaa wa Blacktown, Ineza alivuta kiti chake mbali.

“Mbona umehama?” aliuliza Irankunda.

“Jiulize wewe uliyepaka mafuta tarumbeta yangu.”

“Haya, kesi imefika,” alisema Fiacre wa ngoma, na wenzake wakacheka.

Irankunda aliinamisha kichwa.

Mwalimu Bridget hakucheka. Alichukua tarumbeta yake mwenyewe, akampa Ineza. “Piga hii.”

Sauti ikatoka nyembamba vilevile. Mwalimu akasogea, akamtazama midomo. Ilikuwa na alama nyekundu ya duara, na imechubuka.

“Nyumbani unapigaje?”

“Mama Mbula anahudumia wazee usiku, mchana analala. Kwa hiyo naziba tarumbeta kwa kitenge cha mama.”

“Basi hewa haina pa kutokea, nawe unaikandamiza midomoni ili isikike. Midomo iliyobanwa haitetemeki, na isipotetemeka hakuna sauti. Weka tarumbeta chini. Kaza pembe za mdomo, mashavu yasivimbe. Tetemesha midomo mitupu.”

Ineza alitetemesha midomo mpaka ikamwasha. Kisha akaishika tarumbeta kwa wepesi, akavuta pumzi ya tumboni. Noti ikatoka safi, imejaa. Hata Fiacre aligeuka kutazama.

“Na yale mafuta?” aliuliza Ineza polepole.

“Ni ya midomo,” alisema Irankunda. “Niliona imechubuka, nikakuwekea kopo. Labda kifuniko kilifunguka.”

Ineza alipekua sanduku. Kopo lilikuwa chini ya kitambaa, kwenye pembe.

“Sauti yako iliharibika lini?” aliuliza Mwalimu.

“Wiki mbili sasa.”

“Na mafuta yamewekwa Jumapili. Hilo ulilijua, ila ulishaamua nani mbaya. Kabla ya kumtaja mtu mbele za watu, jitazame mwenyewe kwanza, kisha muulize yeye faraghani. Na kesho tutamuuliza Mama Mbula anaamka saa ngapi, upige bila kitenge.”

Ineza alirudisha kiti chake mahali pake.

“Irankunda, nisamehe. Jumapili tukae pamoja?”

Irankunda aliitikia kwa kichwa, akamwaga maji ya pumzi yaliyobaki ndani ya tarumbeta yake, akaipeleka mdomoni, akautazama mkono wa Mwalimu ukiinuka kuanzisha wimbo.